Kovu Alilolificha Mama

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Sikuzani alikuwa ameshamaliza kazi zake za nyumbani. Aliteka maji kisimani, akafagia uwanja, akamnywesha uji mdogo wake Twalibu, kisha akampelekea bibi yake maji ya moto ya kunawa uso. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alisoma darasa la tano. Tangu baba yake aende Usinge pamoja na vijana wa kijiji kukata mbao za madarasa mapya, yeye ndiye aliyekuwa msaada mkubwa wa mama yake.

Walikuwa bado wageni katika kijiji cha ujamaa cha Azimio. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu watoke mjini Tabora, ambako baba yake, Mzee Mabruki, alikuwa seremala. Nyumba za kijiji zilijengwa kwa mistari, kila moja na bustani yake, na ukisimama mlangoni asubuhi tulivu uliweza kusikia treni ikipiga honi kwenye stesheni ya Bukene.

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki ya akina mama wajawazito. Asubuhi hiyo Nesi Marcelina, mkunga wa zahanati ya kijiji, alipita na baiskeli yake akasimama mbele ya uwanja wa kina Sikuzani.

"Shikamoo, Nesi," Sikuzani akaamkia, ufagio mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

Mama alikuwepo. Alikuwa nyuma ya jiko, hatua chache tu kutoka pale, amejibanza ukutani, kidole mdomoni. Sikuzani alimwona kwa pembe ya jicho.

"Hayupo. Amekwenda kuchuma pamba."

Nesi Marcelina alimtazama kidogo. "Juma lililopita alikuwa amekwenda kutafuta kuni. Haya, mwambie ninamsalimu. Mwambie bado ninamsubiri, hata kama ni kwa mazungumzo tu."

Akapanda baiskeli akaenda zake. Sikuzani aliendelea kufagia mahali alipokwisha kupafagia, uso unamwaka moto. Hakupenda kusema uongo. Lakini aliyemtuma kuusema alikuwa mama yake mzazi, naye hakujua mtoto anayekataa agizo la mama yake hukataa kwa maneno gani.

Sababu ya mama kujificha Sikuzani aliijua. Twalibu alipozaliwa kule Tabora, mama hakuweza kujifungua kwa njia ya kawaida. Madaktari walimpasua tumbo. Mtoto alitoka salama, lakini kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni na ambalo hutoka baada yake, lilinata. Lilibanduliwa kwa shida na damu nyingi ikamwagika. Mama alilala hospitali siku nyingi hata Sikuzani akaanza kuogopa kuuliza atarudi lini. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwambia waziwazi: "Ukipata mimba nyingine, usikae nyumbani. Njoo mapema."

Sasa alikuwa na mimba nyingine, ya miezi minne, na hakuwa amekwenda popote. Alikuwa akimwogopa mkwewe.

Bibi Mwanamkuu, mama yake baba, hakuwa mkali wala mchoyo. Ila alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, na jioni akibambua karanga na wajukuu wake lazima angeisimulia.

"Mimi, mke mwenzangu," angemwambia Sikuzani kwa utani wa bibi na mjukuu, "nilizaliwa njiani. Baba yangu alikuwa mpagazi wa misafara ya kwenda pwani, na mama alifuatana naye. Uchungu ulimshika wakiwa wametua Tura. Akanizaa chini ya turubai, akajifunga nguo, na msafara ulipoondoka naye akaondoka, mimi mgongoni na mzigo kichwani. Hao ndio wanawake! Siku hizi nasikia kuna wanaopasuliwa kwa visu kama mbuzi wa sikukuu. Mwanamke gani huyo asiyeweza kuzaa mwenyewe?"

Mama akisikia hivyo aliinamisha kichwa akaendelea kubambua karanga. Twalibu alipozaliwa, Bibi alikuwa akiishi kwa mwanawe mkubwa Usinge, na hakuna aliyempa habari za kisu wala za damu. Ilikuwa siri ya baba na mama, na Sikuzani aliijua kwa kuwa alikuwepo. Baba naye, kabla ya kusafiri, alikuwa ameambiwa kwamba kliniki mama ameshakwenda.

Siku chache baadaye Mwalimu Mkuu alimwalika Nesi Marcelina shuleni kuzungumza na wasichana wa madarasa ya juu kuhusu afya ya uzazi. Wasichana walianza kwa kuchekacheka na kufunika nyuso zao. Nesi hakuwakemea. Aliwatoa nje akawapeleka hadi kwenye ghala la kijiji, ambako mmea wa kutambaa ulikuwa umepanda ukutani.

"Mmoja wenu auvute huu, hapa," akasema.

Msichana mmoja akauvuta. Ukabanduka bila taabu, ukuta ukabaki mzima.

"Haya, sasa vuta pale penye ufa."

Akavuta. Mmea haukutoka. Akaongeza nguvu, na bonge la udongo likaanguka pamoja na mizizi, ukuta ukabaki na shimo. Wasichana wakaacha kucheka.

"Ndivyo ilivyo kwa kondo la nyuma," Nesi akaeleza. "Likijishika kwenye ukuta mzima wa mfuko wa uzazi, mtoto akizaliwa nalo hubanduka lenyewe. Lakini mama aliyewahi kupasuliwa ana kovu mle ndani. Mara nyingine, si mara zote, kondo hujishika juu ya kovu lile, na mizizi yake ikazama. Akianza uchungu mbali na hospitali, likivutwa, damu hutoka kama maji ya bomba."

"Sasa mtu atajuaje, Nesi?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Tumbo halina dirisha. Lakini tunaweza kulihofia jambo hilo mapema tukiambiwa ukweli. Tunamwuliza mama: uliwahi kupasuliwa? Kondo liliwahi kunata? Umeona damu, hata isiyouma, kabla ya wakati? Akijibu kweli mimba ikiwa bado changa, tunapata nafasi ya kujiandaa. Akificha, tunakuja kujua siku ambayo hakuna la kufanya."

Sikuzani alirudi darasani lakini hakusikia chochote cha somo la hesabu lililofuata. Alikuwa bado anaona shimo lile ukutani.

Jumamosi, jua likiwa utosini, alitoka mashineni na unga kichwani akamkuta mama nyuma ya nyumba, anafua kanga moja peke yake kwenye karai. Maji yalikuwa mekundu.

"Mama! Umejikata?"

Mama aliruka kidogo, kisha akayamwaga maji haraka chini ya mgomba. "Sijajikata. Nyamaza, bibi yako atasikia. Ni kidogo tu, na wala hainiumi. Itakoma."

Sikuzani aliutua unga. "Nesi alituambia shuleni kwamba damu hata isiyouma si ya kunyamaziwa. Alisema mama aliyepasuliwa..."

"Nesi, Nesi! Nesi ndiye atakayekaa na bibi yako nyumba moja? Ndiye atakayeitwa mbuzi wa sikukuu?" Sauti ya mama ilikatika. Akaketi kwenye kigogo, akaufunika uso kwa mikono yake yenye povu. "Nilitaka safari hii nizae kama wenzangu, Sikuzani. Mara moja tu, kama wenzangu."

Sikuzani hakuwahi kumwona mama yake akilia. Alichuchumaa mbele yake. Alitafuta maneno mazuri, hakuyapata, akasema yale aliyokuwa nayo.

"Mama, sitakusema kwa siri. Lakini siwezi tena kumdanganya Nesi. Jumatatu asubuhi nitapita zahanati, nimweleze. Nimekuambia mapema ili usije ukasikia kwa watu."

Mama aliondoa mikono usoni. "Mtoto gani wewe, wa kumvua mama yake nguo hadharani?"

Maneno yale yalimchoma. Siku ile na siku iliyofuata mama hakuzungumza naye ila kwa mambo ya kazi: lete chumvi, mbebe Twalibu. Sikuzani alikula ugali bila kuisikia ladha yake. Mara kadhaa alikaribia kusema, "Basi, mama, nimeacha," lakini kila alipotaka kufungua mdomo alikumbuka rangi ya maji ya karai.

Jumatatu alivaa sare yake, akasimama mlangoni.

"Mama, ninakwenda kwa Nesi."

Mama alikuwa akimfunga Twalibu vifungo vya shati. Hakuinua macho. Lakini hakumkataza.

Nesi Marcelina alimsikiliza Sikuzani bila kumkatisha. Aliposikia habari ya damu, alichukua mkoba wake palepale. "Umefanya vyema. Nenda shule. Mambo mengine ni yangu na mama yako."

Sikuzani aliporudi mchana alikuta baiskeli ya Nesi ingali imeegemezwa ukutani. Ndani, Nesi alikuwa ameketi mkekani karibu na mama. Bibi alikuwa upande wa pili, ungo wa karanga mbele yake, haelewi ni mashauri gani yanayomfanya mkunga akae muda wote ule.

"Mama Sikuzani inabidi aende hospitali ya Tabora, Bibi," Nesi alisema kwa heshima. "Wiki hii hii."

"Kwa nini? Si mgonjwa. Mimba si ugonjwa."

Nesi akamgeukia mama. "Sababu si yangu kuitoa. Ni ya mwenyewe."

Sikuzani alisimama kizingitini, mkoba wake wa vitabu ungali begani. Mama alimtazama, kisha akamtazama mkwewe, akavuta pumzi.

"Mama, mimi nilimzaa Twalibu kwa kupasuliwa. Kondo likanata, nikamwaga damu hata nikakata kauli. Sasa damu imeanza tena. Niliona haya kukuambia."

Bibi Mwanamkuu aliacha kubambua. Aliziangalia karanga ungoni kama mtu aliyesahau zilikuwa za nini.

"Uliona haya," akasema hatimaye, "kwa sababu ya mdomo wangu."

Akaokota karanga moja, akairudisha ungoni.

"Mama yangu alikuwa na dada yake," Bibi akaendelea polepole. "Naye alikuwa msafarani, safari nyingine. Mtoto alitoka, kondo halikutoka. Wanawake wakalivuta. Jua halikuzama akiwa hai. Walimzika kando ya njia, msafara ukaendelea, maana wenye mali hawasubiri. Mama alinisimulia mara moja tu. Nami sikuwasimulieni ninyi, kwa kuwa haikuwa na fahari ndani yake. Nimekuwa nikiwasifu walioinuka, nikiwaacha waliobaki chini." Akausukuma ungo pembeni. "Sikuzani, mtafutie mama yako kanga safi za safari. Twalibu atabaki na mimi."

Kesho yake mwenyekiti wa kijiji, Mzee Luhende, alitoa mkokoteni wa ng'ombe wa kijiji ukampeleka mama hadi Bukene bila kumtembeza. Wakapanda treni watatu: mama, Nesi na Sikuzani, aliyeruhusiwa na Mwalimu Mkuu kwa siku chache.

Hospitalini walipokewa na Daktari Wenceslaus, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alimpima mama, akamwuliza maswali mengi, na safari hii mama alijibu yote bila kuficha.

"Siwezi kuapa kwamba kondo limezama kwenye kovu," daktari akasema. "Hilo tutalijua siku ya kujifungua. Lakini kovu lipo, mara ya kwanza kondo lilinata, na sasa kuna damu isiyouma. Haya yakikutana kwa mtu mmoja, mimi simsubiri mpaka aletwe kwenye machela. Utapumzika hapa mpaka damu ikome. Kisha utakaa hapa mjini karibu nasi mpaka wakati utimie, bila kubeba ndoo wala kuni. Tutakupasua kabla uchungu haujaanza, damu ya kukuongezea ikiwa tayari. Na huenda, ili tukuokoe, tukalazimika kuutoa mfuko wa uzazi."

Mama alishika tumbo lake. "Yaani nisizae tena?"

"Yaani uwalee hawa ulionao."

Mama aliitikia kwa kichwa. Akauvuta mkono wa Sikuzani akauweka juu ya paja lake; hasira ya siku zile ilikuwa imekwisha.

Damu ikakoma, naye akahamia kwa shangazi yake, karibu na soko. Miezi ikapita. Kule Azimio Sikuzani alipika, aliosha na kusoma, na Bibi alimsaidia bila kujali uzee wake. Wakati ulipokaribia, Mzee Luhende, kwa idhini ya mama, aliitisha mkutano.

"Ndugu zangu, mwenzetu anahitaji damu," alisema. "Daktari anaomba watu wenye afya waende Tabora wakapimwe."

Watu walitazamana. Mmoja akauliza kama mtu akitolewa damu hapungukiwi nguvu za jembe. Nesi Marcelina akaeleza kwamba mwili hujirudishia damu yake, na kwamba kabla ya kutolewa kila mtu hupimwa kwanza.

"Tumelima shamba moja na kujenga shule moja," akasema Mzee Luhende. "Damu nayo itatushinda? Mimi ninakwenda." Akaketi. Kabla hajatulia vizuri, wengine walikuwa wameshainua mikono, wanaume kwa wanawake.

Siku ya upasuaji ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na mvua zimeanza. Baba alikuwa amekuja kutoka Usinge kwa treni. Aliposikia jinsi alivyofichwa hakugomba. Alikwenda akalala kitandani akatolewa damu, kisha akaja kuketi barazani na Sikuzani na Bibi, waliokuwa wamekuja kutoka kijijini na kumwacha Twalibu kwa shangazi, kipande cha pamba kimebandikwa mkononi. Bibi alikuwa akivuta tasbihi. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umefungwa, na kila muuguzi aliyepita, Sikuzani alimtazama usoni akitafuta habari.

Hatimaye walisikia kichanga kikilia. Bibi akainuka, lakini muuguzi aliyetoka na mtoto alisema tu, "Ni msichana, mzima. Mama bado." Wakaketi tena. Sasa kusubiri kukawa kugumu kuliko mwanzo. Mara mbili walimwona mtu akikimbia na chupa ya damu kuingia ndani.

Daktari Wenceslaus alipotoka alikuwa ameloa jasho.

"Ilikuwa kama tulivyohofia," akamwambia baba. "Kondo lilizama kwenye kovu. Hatukulivuta. Tumeutoa mfuko wa uzazi pamoja nalo. Alipoteza damu nyingi, lakini ya kumrudishia ilikuwepo. Mkeo yu hai, na atapona." Akafuta uso. "Angeanza uchungu kule kijijini, nisingeweza kumfikia."

Baba alimpa daktari mkono, asiuachie upesi. Bibi Mwanamkuu ndiye aliyesema, "Alhamdulillahi," kisha akamshika Sikuzani kichwa kwa mikono yote miwili, akakibana kifuani mwake.

Mtoto aliitwa Mwanamvua. Mama alirudi Azimio mahindi yakiwa yamefika magotini. Majirani walikuja na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na maziwa na kuku, na Bibi akawa ndiye anayewazuia wasimchoshe mkwewe kwa maneno mengi.

Jioni moja, wageni walipokwisha kuondoka, mama alimwita Sikuzani akaketi naye mkekani. Mwanamvua alikuwa amelala katikati yao.

"Nilikuambia neno baya siku ile," mama akaanza. "Kwamba unanivua nguo. Limekaa moyoni mwako?"

"Lilikaa, mama. Sasa limetoka."

"Nisamehe. Kosa halikuwa lako. Mimi mtu mzima nilikutwisha uongo, nikakuacha uubebe mlangoni kila Alhamisi. Mtoto hapaswi kutwishwa kitu kama hicho." Alimfunika mtoto vizuri. "Sikiliza nikuambie. Si kila jambo la mtu ni la kutangazwa, na siri za nyumba zina heshima yake. Lakini siri inayoweza kuua si siri tena, ni ugonjwa, na ugonjwa dawa yake ya kwanza ni kumwambia ukweli anayeweza kusaidia, tena mapema. Wewe uliujua ukweli huo kabla yangu. Na jambo ninalolishukuru zaidi ni kwamba uliniambia mimi kwanza, usoni, ingawa uliogopa. Hukunizunguka. Uwe hivyo daima."

Sikuzani alitikisa kichwa kukubali.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Sikuzani alikuwa akifagia uwanja aliposikia baiskeli ya Nesi Marcelina.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Mama yupo?"

"Nipo!" mama akaitika kutoka ndani. Akatokeza mlangoni, amejitanda kanga, Mwanamvua kifuani. "Tangulia, Nesi, ninakuja taratibu. Nasikia kuna wenzangu wawili wapya kliniki. Ninataka nikae nao, niwaeleze mwenyewe habari ya kovu langu."